Shanga za Kibiti: babu zetu hawakununua kioo

Ukitaja jina la Kibiti mbele ya vijana wa Dar es Salaam utapata majibu ya aina tatu. Wa kwanza atakumbuka mauaji ya miaka ya 2015 hadi 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari polisi walipokuwa wakipigwa risasi na watu wasiojulikana. Wa pili ni msafiri wa Kusini, kwake Kibiti ni mahali basi linaposimama, unanunua korosho dirishani, kisha safari inaendelea kuelekea Daraja la Mkapa. Wa tatu ni mpenda kula, atakuuliza bei ya kamba wa delta.

Sijawahi kukutana na mtu akaniambia: "Kibiti? Si ndiko walikofukua shanga za Warumi?"

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumzie jibu hilo la nne. Niliyafikia mambo haya kwa kupitia mlango wa uani. Kwa miezi kadhaa sasa, jioni nikitoka kazini, nimekuwa nikienda kwa sonara mmoja hapa mjini anifundishe kutia jiwe kwenye pete ya fedha. Nilidhani najifunza kazi ya mikono ya kupumzishia akili baada ya kutwa nzima ya kuandika habari. Kumbe najifunza historia. Maana ukishaanza kujiuliza jiwe linakaaje kwenye pete bila kuanguka, utajiuliza na hili: katika pwani hii, nani alikuwa anayakalisha mawe, na mawe yenyewe yalitoka wapi?

Tuanze na walichofukua. Katika miaka ya 1990, Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alichimba mahali panapoitwa Mkukutu, karibu na Kibiti, katika eneo la Mto Rufiji. Alikuta mabaki ya makazi ya wakulima waliojua kufua chuma, watu wa karne za mwanzo kabisa baada ya Kristo. Katika mabaki hayo alikuta pia shanga za kioo. Mwaka 1999 alichapisha matokeo yake katika jarida la Current Anthropology, akasema kwamba shanga zile ni za dola ya Rumi, na kwamba ni kiungo cha kwanza kisichopingika kati ya pwani yetu na kitabu maarufu cha mabaharia wa kale, Periplus.

Periplus ni mwongozo wa biashara. Uliandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 na mfanyabiashara wa Misri ambaye jina lake halijulikani. Anaeleza bandari moja baada ya nyingine, kuanzia Bahari ya Shamu mpaka pwani yetu, ambayo yeye anaiita Azania. Soko la mwisho kabisa la Azania analiita Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na mitumbwi ya huko iliyoshonwa kwa kamba. Rhapta ilikuwa wapi hasa? Wasomi wanabishana hadi leo. Wengine wanasema karibu na Dar es Salaam, wengine Pangani, na wapo wanaosema palepale kwenye delta ya Rufiji au jirani yake, Mafia. Shanga za Mkukutu ni hoja nzito mikononi mwa hawa wa mwisho, ingawa shanga chache peke yake si mji, na ubishi haujafungwa.

Mimi ubishi wa mahali nauacha kwa wenyewe. Kilichonishika ni orodha ya bidhaa. Mwandishi wa Periplus anasema vitu vilivyopelekwa Rhapta ni mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, pamoja na mashoka madogo, visu, vyuma vidogo vya kutobolea, na aina kadhaa za mawe ya kioo. Vilivyotoka huku vilikuwa pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru, magamba ya kasa, na kombe kidogo. Anaongeza kwamba sehemu nyingine wageni walileta divai na ngano, si kwa ajili ya kuuza, bali kujipendekeza kwa wenyeji. Kwa lugha ya leo: takrima!

Rudia tena maneno yale: mawe ya kioo. Yule mfanyabiashara hakutofautisha sana jiwe na kioo. Katika ulimwengu wake kioo kilichotengenezwa vizuri kilikuwa jamaa wa vito. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, alilalamika kwamba hakuna ulaghai wenye faida kubwa kuliko kughushi vito kwa kioo. Maana yake ni kwamba mafundi wa wakati ule walikuwa wakali kiasi cha kuwababaisha hata matajiri wa Roma yenyewe. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa tuzitazame shanga zenyewe. Miongoni mwa shanga za kioo za zama zile, zikiwemo za aina zilizoripotiwa kutoka Mkukutu, zipo za vipingili, yaani shanga ndogo mbili tatu zilizoungana kama vipande vya mua. Fundi alichukua mrija mwembamba wa kioo ukiwa bado laini kwa moto, akauviringisha juu ya jiwe lenye mifereji. Mifereji ile ilibana mrija mahali pamoja pamoja, ukawa na viuno. Ukipoa, unaukata penye kiuno, unapata shanga moja, mbili au zaidi. Karakana za shanga za namna hii zimefukuliwa Alexandria nchini Misri, pamoja na mawe yake ya mifereji.

Halafu zipo zenye dhahabu ndani. Fundi aliuvika mrija wa kioo karatasi nyembamba mno ya dhahabu, kisha akaufunika kwa mrija mwingine wa kioo kwa juu, vikaungana kwenye moto. Ukiitazama shanga hiyo unaona dhahabu iking'aa chini ya kioo, haichakai wala haikwaruziki. Na palikuwa na ujanja wa bei nafuu. Badala ya dhahabu aliweka fedha, kisha kioo cha juu akakipa rangi ya asali. Fedha chini, asali juu, jicho linasoma dhahabu! Watafiti wanaziita shanga za dhahabu ya uongo.

Sonara wangu aliponionyesha pete za kizamani zilizofungwa nyuma, nilimwelewa mara moja. Kabla ya ukataji wa vito haujafikia ulipo leo, masonara wa nchi nyingi waliweka karatasi nyembamba ya fedha chini ya jiwe, ndani ya pete, ili mwanga unaopita kwenye jiwe urudi juu na jiwe lionekane linawaka. Ni akili ileile ya shanga ya dhahabu ya uongo: thamani haiko kwenye jiwe peke yake, iko kwenye namna jiwe lilivyokalishwa.

Naomba nieleze kidogo kazi yenyewe, maana wengi tunavaa pete bila kujua kilichofanyika. Njia ya zamani kuliko zote, na ndiyo anayoanza nayo mwanafunzi, ni ya kulizungushia jiwe ukuta. Unachukua utepe mwembamba wa fedha, unaupima kulizunguka jiwe, unaongeza kidogo sana kwa ajili ya unene wa utepe wenyewe. Unakata, unakutanisha ncha mbili zibanane bila mwanya, unalehemu. Umepata duara. Unalilehemu duara lile juu ya kipande bapa cha fedha, unapata kikombe kidogo. Kikombe unakilehemu kwenye pete. Hapo jiwe bado halijaguswa, na halitakiwi liguswe. Moto na jiwe ni maadui. Mawe mengi hupasuka yakipata joto la ghafla, kwa hiyo moto unakuja kwanza, jiwe linakuja mwisho.

Kisha unapiga tupa kingo za kikombe mpaka ziwe nyembamba na sawa. Unaliweka jiwe. Lisicheze, lisibane. Unachukua chuma butu, unasukuma ukingo juu ya jiwe, kwanza upande wa kaskazini, halafu kusini, halafu mashariki, halafu magharibi. Ukisukuma upande mmoja tu mpaka mwisho, jiwe litainuka upande wa pili. Unakwenda hivyo kidogo kidogo, kila mara upande unaotazamana, mpaka fedha yote imelala juu ya bega la jiwe. Mwisho unapitisha chuma laini kuzunguka, ukingo unang'aa, na jiwe halitoki tena.

Njia ya pili ni ya kucha, vijiti vinne au sita vya madini vinavyolishika jiwe kwa juu. Hii inaruhusu mwanga upite pande zote, ndiyo maana almasi nyingi zinashikwa hivyo. Lakini kila ukucha lazima uchongwe kijinafasi panapokaa ukingo wa jiwe, tena vyote viwe kimo kimoja. Kwa jiwe kama Tanzanite hii ni kazi ya roho mkononi. Tanzanite si ngumu sana, na ina tabia ya kupasuka kirahisi ikigongwa upande fulani. Ukucha ukiubana kwa nguvu isiyo sawa, jiwe la mamilioni linakuwa mawili ya bei ya chai. Ndiyo maana kwa pete ya kuvaa kila siku mafundi wengi watakushauri ukuta mzima, ulilinde jiwe lako.

Sasa turudi Rufiji. Je, watu wa Mkukutu walikuwa na ufundi gani wao wenyewe? Hapa historia tuliyofundishwa shuleni imetuharibu kidogo. Sote tunakumbuka hadithi ya watawala wetu waliodanganywa kwa shanga na vioo. Tumekaririshwa Chifu Mangungo wa Msovero na ule mkataba wake na Carl Peters wa 1884 mpaka tukaamini kwamba kila shanga iliyofika Afrika ni ushahidi wa ujinga wa Mwafrika. Mpaka leo mtu akiuza kitu cha maana kwa bei ya kutupa tunamwambia: "Umepewa shanga."

Nakataa.

Tazama orodha ya Periplus tena. Pamoja na mawe ya kioo, Rhapta ilikuwa ikinunua vyuma vya kutobolea. Mtu anayenunua chuma cha kutobolea ana kitu anachotaka kutoboa, yaani ana kazi yake. Mitumbwi iliyoshonwa inadai matundu mamia kwa mamia, kila tundu likitazamana na mwenzake wa ubao wa pili, la sivyo maji yanaingia. Mtepe, jahazi la Waswahili lililoshonwa kwa kamba za nazi, uliendelea kusafiri katika pwani hii mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Watu wa hivyo utawaambia nini kuhusu kutoboa?

Na shanga walitengeneza pia. Katika makazi ya Waswahili ya karne ya 7 mpaka ya 10, wanaakiolojia wamekuta vigae vya vyungu na mawe yenye mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Vimekutwa Tumbe kule Pemba, Shanga katika visiwa vya Lamu, Kilwa, na kwingineko. Ni vifaa vya kusagia shanga za kombe. Fundi alivunja kombe vipande vidogo, akatoboa kila kipande katikati, akavipanga pamoja, akavisugua kwenye mfereji mpaka vyote vikawa mviringo sawasawa. Kazi ya siku nyingi kwa mkufu mmoja. Anayeijua kazi hiyo akipewa shanga ya kioo yenye fedha ndani na kioo cha rangi ya asali juu, anaipindua mkononi, na anajua mara moja kwamba aliyeitengeneza si mtu wa mchezo.

Ndiyo hoja yangu ya leo: babu zetu, na hasa bibi zetu, hawakununua kioo. Walinunua ufundi. Kioo ni mchanga uliopikwa, na mchanga Rufiji upo wa kumwaga. Kisichokuwepo ni ile karakana ya Alexandria, na yale maarifa ya kuunganisha tabaka mbili za kioo juu ya karatasi ya fedha. Kwa upande wetu tembo walikuwa wengi, na pembe ilitoka kama ilivyong'olewa. Kama tajiri wa Roma mwenyewe aliweza kubabaishwa na kito cha kioo, kwa nini tumcheke mama wa Mkukutu aliyekipenda?

Tena hakukipokea kama kilivyo. Lugha yetu inatoa ushahidi. Majina ya vito tuliyo nayo ni ya wageni: yakuti, zumaridi, almasi, feruzi, akiki, lulu. Yamekuja na bidhaa kupitia Kiarabu na Kiajemi. Sonara naye jina lake ni la Kihindi. Lakini ushanga ni neno la Kibantu, na kutunga pia. Shanga zinatungwa, na mashairi yanatungwa, kitenzi ni kimoja! Kioo kilikuja kutoka ng'ambo, ila uzi, mpangilio wa rangi na maana vilikuwa vya hapa. Mpaka leo Pwani, mwali hatoki ndani bila kujua shanga za kiunoni zina kazi gani, na somo wake hakujifunza hayo Alexandria. Wanaojua wanajua, tuendelee.

Tatizo linaanza tunapotazama mwendo mzima wa miaka 2,000. Wakati wa Rhapta pembe ilitoka ghafi, ufundi ukaingia. Karne ya 11 mwanazuoni al-Biruni aliandika katika kitabu chake cha vito kwamba mawe maangavu ya billawr yaliletwa Basra kutoka visiwa vya Zanj, yaani huku kwetu, na huko ndiko yalikochongwa vyombo. Watafiti wa leo wanadhani asili ya mawe yale ni Madagascar, yakipitia vituo kama Dembeni, Mayotte, ambako vipande vyake vimefukuliwa. Mafundi wa nchi za Kiislamu wa zama hizo walichonga kwa billawr mabirika ya ajabu, mengine yamo katika hazina ya kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venice mpaka leo. Sisi tulibaki na nini? Tulibaki na neno. Bilauri, hiyo unayonywea maji. Jiwe lilitoka kwetu ghafi, likaturudia kama jina la glasi!

Akiki nyekundu nayo. Shanga za akiki zimefukuliwa katika miji yetu ya kale ya pwani, na kitovu kikubwa cha kazi hiyo kilikuwa Khambhat, Gujarat, ambako jiwe lilipikwa taratibu kwenye moto mpaka rangi ikaiva kuwa nyekundu, kisha likatobolewa kwa keekee yenye ncha za almasi. Na huko delta kwenyewe, kwa karne nyingi bidhaa iliyotoka ilikuwa boriti. Mikoko ya Rufiji, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, ilikatwa na kupakiwa majahazini kwenda kuezeka nyumba za Arabuni na Ghuba. Boriti ikitoka Salale na kufika Ghuba ilikuwa boriti bado. Nani alipata faida kubwa zaidi, mkata mikoko au mjenzi?

Ukinyoosha barabara ileile inayopita Kibiti, ukavuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003, ukapita Lindi na Masasi, utafika Tunduru. Katika miaka ya 1990 Tunduru ililipuka kwa vito. Watu waliacha mashamba wakaingia mitoni kuchekecha kokoto wakitafuta yakuti samawi. Wanunuzi walikuja kutoka Thailand na Sri Lanka, wakanunua mawe ghafi, wakaenda kuyapika na kuyakata kwao.

Na Tanzanite ndiyo usiseme. Ilijulikana mwaka 1967 kule Merelani, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina la nchi yetu. Hata jina walitupa wao, kwa kutumia jina letu! Sehemu kubwa ya Tanzanite kwa miaka mingi imekatwa Jaipur, India. Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2010 ilipiga marufuku kusafirisha nje Tanzanite ghafi yenye uzito wa zaidi ya gramu moja, na mwaka 2018 ukazinduliwa ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo. Juni 2020 taifa zima lilimshangilia Saniniu Laizer alipouza mawe mawili kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nami nilishangilia. Lakini tulichoshangilia ni mawe ghafi kununuliwa kwa bei nzuri. Ni hatua, siyo mwisho wa safari. Ukuta unaweza kuzuia jiwe lisiibiwe, ila hauwezi kulikata wala kulikalisha kwenye pete.

Kuna watakaonijibu: "Acha lawama, kila nchi inafanya inachokiweza." Ni kweli, biashara ni kubadilishana, na hakuna aibu kununua kazi nzuri ya mwenzako. Lakini ufundi hauko kwenye damu. Alexandria walijifunza, Khambhat walijifunza, Jaipur walijifunza. Pwani yetu nayo ilipojifunza ilifanya maajabu. Nenda Lamu uone pete za fedha ambazo badala ya kito zimewekwa kigae cha sahani ya kale ya Kichina, kipande cha bluu na nyeupe kilichookotwa ufukweni. Fundi wa Lamu amekipiga tupa, amekizungushia ukuta wa fedha, sahani iliyovunjika imekuwa kito. Mgeni analipa bila kulalamika. Analipia nini pale? Kigae? Kigae ni takataka. Analipia mkono uliokikalisha.

(Tafadhali lakini, usiende Kua au Kilwa ukaanza kuokota vigae na shanga kwenye magofu. Mambo ya kale yanalindwa kwa sheria tangu 1964. Na shanga iliyong'olewa mahali pake bila mtaalamu kuandika kina na tabaka ilimokuwa haitasema tena chochote. Zile za Mkukutu zina thamani kwa sababu tunajua zililala na vigae gani.)

Dalili njema zipo. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania ambako vijana, wakiwemo akina dada wengi, wanafundishwa kukata na kung'arisha vito. Kuanzia 2019 yamefunguliwa masoko ya madini mikoani, mchimbaji mdogo akapata pa kuuzia kwa uwazi. Kinachonisumbua ni kwamba usonara wenyewe, kazi ya kukalisha jiwe, kwa vijana wengi bado ni kazi ya kurithi. Sonara wangu ana umri wa baba yangu, na jioni ninazokwenda sijamkuta kijana mwingine mezani pake. Amejifunza kwa baba yake, na watoto wake wamechagua kazi za ofisini. Mkono wa namna hiyo ukiondoka hauachi vigae wala shanga ardhini ili mtu aje auchimbue baada ya miaka 2,000.

Nimepita Kibiti mara kadhaa. Sijaona kando ya barabara bango lolote linalosema kwamba hapa jirani palipatikana shanga za zama za Warumi. Mabasi mangapi ya wanafunzi yanapita pale kwa mwaka? Ningependa siku moja pawepo chumba kimoja tu, si lazima jumba, chenye shanga zile ndani ya kioo, na pembeni yake meza ya fundi, kijana wa Rufiji akionyesha zilivyotengenezwa na akiuza za kwake. Mwanafunzi akitoka pale hatasema tena "tulidanganywa kwa shanga". Atauliza: zilitengenezwaje, na mimi naweza?

Kwa leo naishia hapa. Kama una pete kidoleni, ivue uigeuze, usitazame jiwe. Tazama nyuma na pembeni, pale ukingo unapolishika jiwe. Hapo ndipo alipo aliyelipwa.